Re: Mtoto wa miezi 18, tuache Kiswahili?

Kutoka: Mama mpya, Surrey, Kanada

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Naomba ushauri. Binti yangu ametimiza mwaka na nusu. Mimi naongea naye Kiswahili, baba yake Kiingereza. Juzi kliniki nesi aliniuliza mtoto anasema maneno mangapi. Nikamtajia ya Kiingereza, akasema ni machache, bora Kiswahili kisubiri mpaka Kiingereza kikae sawa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Mama yangu yuko Tanga na Kiingereza hajui; nikiacha, bibi na mjukuu wataongeaje?

---

Kutoka: Shangazi, Burnaby

Marahaba mwanangu. Usiache. Nimelea watoto wa watu katika vituo vya hapa miaka mingi, na ushauri huo nimeusikia mno.

Lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Hapa hapa Vancouver, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwapima vichanga wa siku chache ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Kichanga akivutiwa na sauti, hunyonya chuchu ya mpira kwa nguvu zaidi. Matokeo yalitoka 2010: walivutiwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha.

Kuacha ndiko kwenye hasara. Watafiti Werker na Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 katika nyumba ya Kiingereza husikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa nyumba hiyo zinawapita. Akikaribia mwaka mmoja bila kuisikia lugha hiyo, uwezo huo unafifia. Binti yako amevuka umri huo akiwa na Kiswahili masikioni. Mwendeleze.

Sasa hayo maneno. Ulimtajia nesi nusu ya hazina ya mtoto. Utafiti wa Miami wa miaka ya 1990, kwa watoto wa Kihispania na Kiingereza, ulikuta kwamba ukijumlisha lugha zote mbili wanalingana na wenzao wa lugha moja. Kwa hiyo bandika karatasi kwenye friji, uandike kila neno analolisema kwa maana, hata kama analitamka nusunusu. Akimtaja paka kwa lugha zote mbili, andika yote mawili. Nenda nayo kliniki.

Katuni za Kiswahili zisikutulize. Kule Seattle, Marekani, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2003 kuwa watoto wa miezi 9 walinasa sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao ana kwa ana. Waliotazama video hawakunasa. Ila simu ya video na bibi ni jambo jingine, kwa sababu bibi anajibu. Mwambie amwite jina, amuulize, amsubiri.

---

Kutoka: Baba wa watatu, Edmonton

Dada, nyongeza fupi. Ombeni kipimo cha masikio, hata kama mnaona anasikia. Wa pili wangu alikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, na sisi tulikuwa tunabishana kuhusu lugha. Na ikiwa hanyooshi kidole kuonyesha kitu, au hageuki akiitwa kwa lugha yoyote, msingoje miadi ijayo. Pigeni simu wiki hii.