Kivuli kinatiwa upande gani? Fundi cherehani naomba msaada wa hesabu za kutolingana

Mama Ovaloki, Moshi

Habari zenu wanajukwaa. Nashona sare za shule, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, na najiandaa kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Milinganyo ya kawaida naiweza. Zikija alama za < na > ndipo napotea. Kitabu kinatia kivuli upande unaotakiwa, mwalimu wetu wa jioni anatia upande usiotakiwa, na wote wanapata jibu lilelile! Halafu kwa nini ukigawanya kwa hasi alama inageuka? Nikiuliza naambiwa "ndiyo kanuni". Kama mna mfano nipeni wa cherehani tafadhali, ile ya malori na mizigo imenichosha.

Kijana wa Ngarenaro

Shikamoo mama. Kivuli ni makubaliano tu. Sisi tulifundishwa kufuta upande usiotakiwa, kwa sababu mistari ikifika minne eneo unalolitaka linabaki jeupe na unaliona vizuri. Andika pembeni ya grafu umetia upande gani, basi. Kujua upande, jaribu kuweka nukta (0,0) kwenye kutolingana kwako, kama mstari haupiti hapo: ikikubali, upande wake ndio unaotakiwa.

Mwalimu wa Sakina, Arusha

Kijana kajibu vizuri. Aongeze tu kwamba < na > mstari wake ni wa vidoti, ≤ na ≥ ni mstari kamili.

Kuhusu hasi: 3 < 5. Zidisha kila upande kwa −1, unapata −3 na −5. Mwenye deni la 5,000 kwenye kikoba yuko chini ya mwenye deni la 3,000, kwa hiyo −3 > −5. Namba ziliruka upande wa pili wa sifuri, mpangilio wao ukapinduka. Hakuna uchawi.

Sasa cherehani. Nipe takwimu zako: mtaji wa wiki, saa za kazi, na faida ya kila nguo.

Mama Ovaloki

Marahaba kijana. Mwalimu, shikamoo. Nashona sketi na shati. Sketi moja inakula kitambaa na zipu ya 6,000, shati 4,000. Mtaji wa wiki 120,000. Sketi ni saa moja, shati saa mbili (kola ndiyo inayonimaliza, na vifungo). Nina saa 40. Faida: sketi 4,000, shati 5,000. Nimekuwa nikishona shati tu kwa sababu faida yake ni kubwa.

Mwalimu wa Sakina

Marahaba mama. Sketi ziwe x, shati ziwe y.

Mtaji: 6,000x + 4,000y ≤ 120,000, yaani 3x + 2y ≤ 60.
Muda: x + 2y ≤ 40.
Tena x ≥ 0, y ≥ 0, maana huwezi kushona sketi hasi.

Chora. Eneo linalobaki lina kona nne: (0,0), (20,0), (0,20) na (10,15). Hiyo ya mwisho ni pale mistari miwili inapokatana: toa wa pili kwenye wa kwanza, 2x = 20. Faida ni 4,000x + 5,000y. Kona ya sketi tupu inatoa 80,000. Ya shati tupu, hiyo yako, 100,000. Sketi 10 na shati 15 zinatoa 115,000.

Kwa nini kona tu? Mistari ya faida sawa yote ni sambamba. Sogeza mmoja kuelekea faida kubwa, na sehemu ya mwisho ya eneo utakayoigusa ni kona, au ukingo mzima wenye kona zake mbili. Mwanahisabati wa Marekani George Dantzig mwaka 1947 alibuni njia ya kutembea kona hadi kona, kwa sababu vikwazo (kama mtaji na saa zako) vikiwa mamia huwezi kuchora grafu. Kabla yake, mwaka 1939, Leonid Kantorovich wa Urusi alianzia kwenye mashine za kiwanda cha mbao za plaiwudi. Mambo ya mafundi haya mama.

Bei ikibadilika, kona inahama. Sketi ikileta faida ya 8,000, (10,15) inatoa 155,000 lakini sketi 20 tupu zinatoa 160,000.

Mama Ovaloki

Nimechora kwenye karatasi ya kukatia ruwaza, imetoka! Sasa kuna mteja anataka sketi zisipungue 12.

Kijana wa Ngarenaro

Ongeza x ≥ 12 mama. Kona ya (10,15) inakatwa. Bora zaidi inakuwa (12,12): 48,000 + 60,000 = 108,000. Saa zinatumika 36, nne zinabaki. Kinachokubana hapo ni mtaji.

Mama Ovaloki

Kumbe ananipunguzia 7,000. Nikigawa kwa sketi 12 ni kama 583. Basi kila sketi yake nampandishia 600, na asiniombe punguzo.