Nimestaafu na simu imenyamaza: nifanyeje nisitengane na watu?

Mleta uzi:
Wanajukwaa, salaam. Nimestaafu mwaka jana baada ya kazi ya uhasibu ya miaka mingi, na jambo ambalo sikulitarajia ni kupungukiwa na watu wa kuzungumza nao. Mafao niliyapangia mapema. Lakini wenzangu wa ofisini, ambao tulikuwa tukitaniana kutwa, sasa nikiwapigia simu tunajuliana hali, tunaulizana habari za watoto, kisha mmoja wetu anasema "tutatafutana" na mazungumzo yanaishia hapo. Mke wangu bado anafanya kazi, na sipendi kumwelemea kwa maneno kila anaporudi jioni amechoka. Naombeni ushauri.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hao hawajakutupa. Kilichowapa maneno ya kuzungumza ni kazi yenyewe, na ulipoiacha mada nazo zimekwisha, kwa hiyo wapigie ukiwa na jambo la kufanya pamoja. Mimi pia ni mstaafu, na kilichonisaidia ni shughuli yenye siku yake maalumu, ambapo nisipofika nitaulizwa. Kwaya, timu za vijana na nyumba za ibada huhitaji mtu wa kukagua daftari za fedha. Ichukue kazi hiyo, ila uenyekiti ukatae, maana utageuka bosi tena na watu watakufuata kwa shida zao tu.

Mchangiaji wa pili:
Shikamoo mzee wangu. Mimi ni muuguzi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda kamisheni ya mahusiano ya kijamii, kwa kuwa upweke wa muda mrefu unahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi na hata kupotewa na kumbukumbu. Naomba uanzie kwenye masikio. Wazee wengi hukwepa mikusanyiko kwa sababu penye kelele hawayashiki maneno, wanaona haya kuuliza "unasemaje?" kwa mara ya tatu, wanacheka wenzao wakicheka, na wakialikwa tena hawaendi.

Mleta uzi:
Marahaba mwanangu. Sauti ya redio tumeibishania sana hapa nyumbani, kwa hiyo nitakwenda kupima. Kuhusu daftari, mkuu, je, sitaonekana natafuta posho?

Mchangiaji wa kwanza:
Wapo watakaodhani hivyo. Waandikie mapema kwamba hulipwi, na kwamba unatoa siku moja tu kwa wiki, la sivyo watakumalizia wiki nzima.