Kadi ya NE2000 kwenye 486: nikipakia draiva, mausi inaganda

Kitufe_Turbo

Wakuu, salaam. Nina kompyuta ya zamani ya 486 DX2 ya megahezi 66, RAM megabaiti 8, diski ya megabaiti 420, mfumo wa DOS 6.22. Nimechoka na flopi. Unakata gemu vipande vya megabaiti 1.44, unavibeba vyote, halafu kile cha mwisho ndicho hakisomeki.

Nimepata kadi ya mtandao ya ISA, jamii ya NE2000, yenye tundu la RJ45 na lile la duara la BNC. Naandika `ne2000 0x60 3 0x300`, draiva inapanda bila kinyongo na hata anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi) inaitaja. Ila mausi inaganda papo hapo, na ping (jaribio la kuita mashine nyingine kwenye mtandao) haijibiwi. Nikiwasha upya bila draiva, mausi inatembea kama kawaida. Taa ya kadi inawaka.

Kadi ni mbovu? Au RAM haitoshi, nipandishe hadi 32? Nina mpango pia wa kutoa diski niweke kadi ya kumbukumbu ya CF. Nianze na lipi? Naomba kuwasilisha.

Jampa_Mkongwe

Mkuu, RAM iache ilivyo. Mausi umeichomeka poti gani? Naweka dau ni COM2.

COM2 inatumia IRQ 3, na wewe kadi umeiweka IRQ 3 hiyo hiyo. IRQ ni kengele ya kuiita prosesa, na kwenye ISA vifaa viwili havipigi kengele moja. Draiva hailalamiki kwa sababu kusoma anwani ya MAC hakuhitaji IRQ. Inayoihitaji ni pakiti inayoingia, ndiyo maana ping inakufa kimya.

Hamishia kadi IRQ 10. Kama ina jampa (kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini), sogeza jampa. Kama haina, tafuta programu yake ya kuseti na uiendeshe kwenye DOS tupu, kabla ya draiva. Kisha `ne2000 0x60 10 0x300`. Hii ni kwa kadi ya biti 16 tu, yaani yenye kile kipande cha pili cha meno kinachoingia kwenye sloti. Ya biti 8 haifiki IRQ 10. Na usikimbilie 5 kama una Sound Blaster, maana mara nyingi ndipo inapokaa.

Ukishamaliza, chukua mTCP, programu za mtandao za DOS za Michael Brutman. Kwenye faili lake la mipangilio weka `PACKETINT 0x60`, elekeza `MTCPCFG` kwenye faili hilo, endesha DHCP mashine ipate anwani ya mtandao, halafu FTPSRV. Hapo 486 yenyewe inakuwa seva ya FTP, unaisukumia faili kutoka kompyuta yako ya kisasa. Habari za kushea folda kwa Windows achana nazo: SMB ya zamani, yaani njia inayotumika kushea folda hizo, imezimwa kwenye matoleo mapya, na kuifungua upya kwa ajili ya gemu za DOS ni kujitafutia balaa.

MamaSolda

Mdogo wangu, kabla ya yote hayo fungua kasha uangalie betri ya ubao mama. Ukiona kipipa cha volti 3.6, mara nyingi cha buluu au kijani karibu na tundu la kibodi, hiyo ni NiCd. Kikate leo, hata kama bado hakijavuja. Ule ute wake unakula njia za shaba, na ukiingia chini ya sloti kazi yake si ya siku moja. Palipochafuka safisha kwa siki, halafu spiriti.

Kuhusu CF: BIOS (programu ya ubao mama inayoamsha mashine) za umri huo nyingi zinaishia diski ya megabaiti 504, yaani silinda 1024, vichwa 16, sekta 63. Lakini kadi yako ya mtandao ina soketi tupu ya ROM, sivyo? Choma XT-IDE Universal BIOS, ambayo ni BIOS ya ziada ya diski, kwenye EPROM (chipu ya kuhifadhi programu) uipachike humo, uwashe soketi kwenye mipangilio ya kadi. Kikomo kinaondoka bila kugusa ubao mama. DOS 6.22 yenyewe haitavuka gigabaiti 2 kwa kila patisheni.

Kitufe_Turbo

Ilikuwa COM2 kweli! Nimehamia IRQ 10, mausi na ping vyote vinaenda. Kasi haifiki megabaiti moja kwa sekunde, ila ukitoka kwenye flopi unaona umeruka. Betri nimeikata, ilikuwa imeanza kutoa ukungu wa kijani. Soketi ya ROM ipo, EPROM naitafuta.

Sasa lile tundu la BNC: naweza kuunga mashine mbili moja kwa moja bila swichi?

Jampa_Mkongwe

Unaweza. Kebo ya RG-58, kiungo cha T nyuma ya kila kadi, na kizibo cha omu 50 kila mwisho. Usichomeke kebo moja kwa moja kwenye kadi bila T, haitafanya kazi. Mwisho ni mita 185. Na kadi iambie itumie BNC, nyingine hazibadiliki zenyewe.