Nashona, natumia dawa ya ugonjwa wa akili, mikono inatetemeka: nimwambie patroni ao ninyamaze?

Fundi_wa_Birere

Jambo yenu wote. Mi ni dada wa miaka 29, niko Goma, nashona bikwembe ku atelye moja hapa Birere, tuko mafundi batano na mama patroni. Naandika usiku juu mchana simu yangu bote banachungulia.

Ugonjwa ulianza 2021, ule mwaka wa volkano. Tarehe 22/5 Nyiragongo ilipotema moto tulikimbia, tukarudi, kisha tarehe 27 tukaambiwa tuhame tena, tukaenda Sake kwa miguu na udongo unatikisika chini yetu, na mi pale sikulala siku ine ao tano hivi na sikuchoka hata kidogo. Batu banalia, mi naimba. Nilikuwa najisikia muzuri, muzuri ile ya ajabu, nikafungua mufuko wenye bikwembe vya bakliyanti nikavigawa barabarani nikisema Mungu ameniambia dunia inaanza upya. Famii ikazani ni woga wa volkano. Kumbe kisha mwezi nikaanguka, sioge, sikule, nageukia ukuta. Tukapita kwanza ku chumba ya maombi (wiki tatu, sitaeleza yote) na mwishoni shangazi yangu akanipeleka Tulizo Letu, lopitali ya ugonjwa wa akili hapa Goma, njo pale dokta alitupa jina ya ugonjwa: bipola, ile ya kichwa kupanda sana kisha kuanguka. Tangu pale natumia Depakine na Haldol.

Dawa imenisaidia, sidanganye. Imepita miaka miwili sijalala lopitali. Ila mikono jamani. Wiki yenye imepita kliyanti alikaa mbele yangu anangojea robe yake, niko natafuta kuingiza uzi mu shindano ya mashini, nimeulamba, nimeuminya, unaenda kushoto, unaenda kulia, mara ya kwanza, ya pili, ya saba. Yule mama akaangalia mikono yangu kisha akaangalia patroni, hakusema kitu. Patroni akakuja, akachukua uzi akapitisha mara moja, akauliza "weye siku hizi unalala wapi?" na mafundi bakacheka. Banazani nakunywa kasiksi. Na asubuhi nafika nikiwa muzito, mpaka saa tatu hivi njo kichwa inafunguka.

Sasa nikinyamaza niko mulevi, nikisema niko kichaa. Mungefanya nini?

Na ya pili, je kuko mutu hapa Goma mwenye hii ugonjwa tunaweza kuongea? Si dokta, si pasta, mutu tu mwenye anaijua. Nyumbani bananipenda lakini nikicheka kwa nguvu kidogo bote bananyamaza na kuniangalia.

Mtumishi_Imani

Pole dada. Hizi dawa ndizo zinakufunga, hata wewe umesema mikono ilianza kutetemeka juu ya dawa. Ziache siku saba, ingia kwenye maombi ya kufunga, utaona. Hiyo roho ya volkano inatokaga.

Infirmiya_zamu_ya_usiku

Mtumishi, kuomba hakuna anayekukataza, ila kumwambia mtu aache dawa ghafla ni kumsukuma shimoni na wewe hutakuwepo usiku ule. Nimepokea wangapi wa "siku saba" wakiletwa wamefungwa kamba, hebu tuheshimiane.

Dada fundi, mimi ni infirmiya, si dokta wako, kwa hiyo haya uyapeleke kwenye rendevu yako usiyafanye peke yako. Kutetemeka kunaweza kutoka kwa Haldol, kunaweza pia kutoka kwa Depakine, na dawa ya moja si dawa ya ingine. Ile ya Haldol mara nyingi inakuja pamoja na viungo kukakamaa, uso unakuwa kama barakoa, unatembea mikono haichezi, na pale dokta anaweza kupunguza dozi ao kuongeza Artane, dawa ya kutuliza kutetemeka kwa namna hiyo. Lakini ile ya Depakine Artane haiisaidii kitu. Ndiyo maana usikimbilie kununua Artane farmasi ya njiani, tena wapo wanaoitumia kulewa, utauziwa tu bila swali. Mwambie dokta hivi hivi ulivyotuambia sisi: "siwezi kuingiza uzi kwenye sindano." Ukisema tu "natetemeka" ataandika anapita. Muulize pia kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa mapema jioni, labda asubuhi utakuwa mwepesi.

Jambo moja zaidi, usinikasirikie. Una miaka 29. Kuna mtu aliwahi kukuambia kwamba Depakine ni mbaya kwa mtoto akiwa tumboni? Inaharibu uti wa mgongo na akili ya mtoto, na uharibifu unaanza mapema hata kabla hujajua una mimba. Kama unafikiria kuzaa, ao hata kama hufikirii lakini inaweza kutokea, liongelee SASA. Na wakikubadilishia Tegretol, dawa ingine ya ugonjwa huu, ukiwa na vidonge ao ile ya kwenye mkono ya uzazi wa mpango, uwaambie, juu Tegretol inaipunguza nguvu.

Fundi_wa_Birere

Hiyo ya mimba hakuna mwenye aliniambia. Miaka yote. Nimeisoma mara tatu. Aksanti mama.

YayaKadutu

Mwana wetu, mi niko Bukavu, nimelazwa SOSAME, lopitali ya ugonjwa wa akili ya hapa, mara mbili, kwa hiyo sitakuongelesha ya kitabu. Usiseme jina ya ugonjwa. Mi nilisema. Nilikuwa kontabule ku shirika fulani hapa, nikamwambia shefu yote, akanipa mukono, akasema tuko pamoja, kisha miezi mbili nikasikia bujeti imeisha, na bujeti iliisha kwangu peke yangu. Mu ofisi batu walianza kuficha makasi nikiingia, MAKASI, mi mutu naogopa hata kuchinja kuku.

Sema tu chenye unaomba. "Mama, natumia dawa ya lopitali, inanipa usingizi asubuhi na mikono inatetemeka, niruhusu niingie saa tatu na nitoke nyuma ya bengine." Watu batazani ni presha ao sukari, bazani tu.

Garaje_Katuba

Mi niko Lubum (Lubumbashi), nami sikubaliane na yaya hapo juu, pole yaya. Minafanya mu garaje, patroni anajua yote, yeye njo alikuwa ananipeleka Guislain, lopitali ya ugonjwa wa akili ya hapa, ile siku kichwa iliruka. Muzuri yake ni hii: mwaka jana nilianza kumupigia hesabu namna tutanunua kamio kumi tuwe tunapeleka makala mpaka Zambia, nilikuwa nimeandika mu kaye mzima, naongea mbio mbio. Akaniangalia tu akauliza "jana ulilala masaa ngapi?" Nilikuwa nimelala masaa mbili tu. Akafunga garaje, tukaenda kumuona dokta ile siku ile siku, sikulazwa. Kama asingejua angefikiri niko na akili ya biashara.

Lakini kweli, patroni yangu ni mujomba wangu. Inabadilisha.

YayaKadutu

Inabadilisha YOTE bwana 😂 mujomba hawezi kusema bujeti imeisha, mama yako atamtafuta.

Motari_Ndosho

Dada fundi niko motari, nabeba watu ku pikipiki, Ndosho hapa Goma, ugonjwa ni ile ile yako, mwaka wa sita. Tuko watatu, mi, papa mmoja mwalimu wa segonderi na dada mmoja anauzishaka sambaza, bale samaki badogo. Hatuna jina, hatuna komite, hatuna mufuko wa michango, tulijuana tu ku banki, kile kiti kirefu cha kungojea dokta. Tunaonana Jumapili kisha misa, tunakunywa chai, masaa mbili hivi. Siku ingine hatuongee hata ugonjwa, tunaongea bei ya esansi.

Yenye tunafanya ni bitu bidogo. Kila mutu aliandika ku karatasi alama zake za kuanza kupanda, na karatasi inakaa kwa mwenzake si kwake, juu ukiwa umepanda hiyo karatasi utaipasua. Mi alama yangu ya kwanza ni kuacha kukata bei na kliyanti, nabeba watu bure. Ya mwalimu ni kunyoa ndevu mara mbili kwa siku, usicheke. Nikilala chini ya masaa ine usiku mbili zenye kufuatana natuma neno moja tu "niko juu" na mmoja anakuja. Na pesa: nikianza, simu yenye pesa inabaki kwa bibi yangu na ananibadilishia namba ya siri, tulikubaliana nikiwa muzima, hata nikimutukana hatoe. Nilimutukana sana mwaka jana. Hakutoa.

Sisi si dokta, mutu akisema anataka kufa ao akisikia sauti tunamupeleka, hatubaki pale tunakunywa chai. Kama unataka nitumie ujumbe, dada wa sambaza ndiye atakupigia kwanza si mi, juu haufae kukutana na mwanaume wa intaneti hivi hivi.

Na uzi, dada, unangangana na uzi kwa nini? Kuko kale kachuma kadogo kenye waya kama unywele, unaingiza mu tundu ya shindano, unapitisha uzi, unavuta.

Fundi_wa_Birere

Motari umenichekesha na kunitia aibu, mi fundi miaka kumi! Nakajua, tulikuwa tunasema ni ka banafunzi.

Nimetuma ujumbe.

Fundi_wa_Birere

Narudi kisha siku kumi na moja, pole kwa kuchelewa, umeme.

Dada wa sambaza alipiga, tuliongea mpaka pesa ya simu ikaisha, ya kwake si yangu. Jumapili nilienda. Mwalimu ndevu zake ziko, nilihakikisha 😂. Nilicheka kwa nguvu na hakuna mwenye aliniangalia.

Patroni nilimuambia ile ya yaya wa Kadutu, bila jina. Akanisikiliza akiwa anakata kitambaa, akasema "kuingia saa tatu sawa, lakini Jumamosi unafika mapema, Jumamosi ni harusi." Kisha kama dakika tano akaniuliza bila kuinua macho, "na ile robe sita za basimamizi ulishona usiku mmoja 2021, zenye mikono ilikuwa imeshonewa nyuma mbele, ni ile ile dawa?" Nikamwambia pale ndiyo nilikuwa bado sijapewa dawa. Akasema aah. Akaendelea kukata. Sijui amejua nini, sikuuliza.

Dokta ni tarehe 14. Nimeandika maswali ya infirmiya ku karatasi, ya mimba nimeiweka ya kwanza.

Kachuma nilikapata Birere, kwa mama mwenye kuuzisha vifungo. Nilinunua mbili, ingine nikaificha mu soksi ya mashini juu mafundi bangu banaibaka.