Kundi la ukoo, Uyole (Mbeya): uji wa Babu

Shangazi Tabu: Hamjambo wanangu. Babu katolewa chumba cha mahututi, bado analishwa kwa mpira wa puani. Mapaja yamekwisha kabisa. Eliya kaona kopo la unga wa protini duka la dawa Mwanjelwa. Tununue?

Neema (muuguzi): Shikamoo shangazi. Msinunue kwanza. Huo msuli haukuliwa na njaa peke yake. Mwili unapopigana na maambukizi unabomoa msuli kupata malighafi ya kinga, na msuli uliolala bila kazi haupokei protini vizuri. Uingereza walipima mapaja ya wagonjwa mahututi, wakachapisha 2013: ndani ya siku 10 msuli wa mbele ulipungua karibu asilimia 18.

Eliya: Basi si tuzidishe dozi?

Dada Rehema (lishe): Usizidishe, kaka. Utafiti wa nchi kadhaa wa 2023 kwa wagonjwa mahututi ulilinganisha protini gramu 2.2 au zaidi kwa kila kilo ya mwili kwa siku na 1.2 au chini. Waliopewa nyingi hawakupona haraka zaidi, na wenye figo zilizoumia hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Tulenge kama 1.3. Babu ana kilo 60, kwa hiyo gramu 78 kwa siku. Shangazi, figo walisemaje?

Shangazi Tabu: Karatasi inasema ziko salama.

Dada Rehema (lishe): Tumshukuru Mungu. Basi kwa siku nzima: maziwa lita 1 (protini gramu 32), mayai 3 ya kuchemsha (18), karanga gramu 60 (15), unga wa mahindi gramu 150 (12). Jumla 77, na nguvu inatosha. Gawa milo 6. Mwonyeshe daktari wake hesabu hii kabla ya kuanza.

Eliya: Uji wa hivyo si utaziba mpira?

Dada Rehema (lishe): Utaziba, na wengi wanakosea hapo: wanaongeza maji mpaka chakula kinabaki maji matupu. Tumia kimea cha ulezi. Uji ukipoa kiasi cha kuvumilika mdomoni, koroga kijiko cha chai cha unga wa kimea, acha dakika 10. Utauona unalegea wenyewe, unatiririka kwenye kijiko. Uchemshe tena, kwa sababu kimea huwa na vijidudu. Mayai na karanga saga kwenye blenda, changanya, chuja kwa chujio la chai. Mayai mabichi hapana kabisa.

Neema (muuguzi): Kabla ya kulisha angalia alama ya mpira puani. Ikisogea, usitie chochote, piga simu. Mwinue kichwa nyuzi 30 hadi 45, abaki hivyo nusu saa baada ya mlo. Akikohoa, simama hapo hapo. Pitisha kwenye mpira maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 30 kabla na 30 baada. Dawa zisichanganywe na uji: kila moja ipite peke yake, suuza mpira katikati.

Shangazi Tabu: Na miguu?

Neema (muuguzi): Miguu ndiyo inayoiambia protini iende wapi. Mara tatu kwa siku akae ukingoni mwa kitanda, anyooshe kila goti mara 10. Kusimama awe na watu wawili, mmoja kila upande. Akihema sana au kizunguzungu kikimshika, mlazeni.

Eliya: Nimeelewa. Kopo naliacha. Kimea kipo kwa nani?

Shangazi Tabu: Kwa Mama Anna, Iyunga. Kilete kabla ya uji wa saa kumi.