Ramani ya mji wa kubuni: nianzie ukutani, barabarani au majini?

Mwandishi wa Usiku ameuliza:

Salaam wanajukwaa. Ninaandika riwaya ya fantasia ambayo karibu matukio yake yote yanatokea ndani ya mji mmoja wa kubuni uitwao Sumbaro, wenye wakazi wapatao 20,000, ukuta wa mawe, bandari ya mtoni na mnara wa wachawi ulio katikati. Nimejaribu kuuchorea ramani ya kina, inayoonyesha kila mtaa na ikiwezekana kila nyumba, na mpaka sasa nimekwisha kutupa michoro minne. Kila mara naanza na ukuta wa duara, naweka mnara katikati, kisha najaza nafasi iliyobaki kwa barabara na vijumba mpaka karatasi iishe, na kinachopatikana hufanana zaidi na utando wa buibui kuliko mji ambao watu wamezaliwa na kuzikwa humo kwa miaka mia saba. Nikiutazama, sioni sababu yoyote ya kichochoro fulani kupinda kushoto badala ya kulia.

Naomba kujua nianze na nini, na nitumie skeli gani ili nyumba zionekane. Vilevile, wachawi wa Sumbaro wana uwezo wa kuyapandisha maji mlimani bila mtambo wowote. Je, jambo hilo lina nafasi katika ramani, au ni la kwenye maandishi tu? Mwisho ni jambo dogo: katika sura ya tatu shujaa wangu anatembea kutoka lango la mashariki hadi la magharibi kwa nusu siku, kwa hiyo nisingependa ramani ipingane na sura hiyo.

Mzee wa Dira amejibu:

Ndugu Mwandishi, hilo uliloliita dogo ndilo nitakaloanza nalo, maana limeshaamua mengine. Miji ya kale iliyozungushiwa kuta ilikuwa na msongamano mkubwa. Ukikadiria watu 150 kwa hekta, kadirio ambalo si la kupita kiasi kwa mji wa aina hiyo, wakazi wako 20,000 watahitaji takriban hekta 133, na duara lenye eneo hilo lina kipenyo cha mita 1,300 tu. Mtu mwenye afya huzimaliza mita hizo kwa dakika zisizozidi ishirini. Hata tukimwekea shujaa wako ngazi, vichochoro na msukumano wa siku ya soko, nusu siku haipatikani. Ama uuongezee mji wakazi mara nyingi zaidi, ama umpe mtu huyo shughuli za kumchelewesha njiani, ama uirekebishe sura ya tatu. Mimi ningeirekebisha sura, kwa kuwa mji mdogo ambao maadui wawili hawawezi kukwepana ndani yake unamfaa msimuliaji kuliko mji mkubwa.

Skeli nayo inatokana na hesabu hiyohiyo. Kwa skeli ya 1:5,000, sentimita moja ni mita 50, na mji wako mzima utakuwa na upana wa sentimita 26, yaani utaenea kwenye karatasi ya A3. Lakini nyumba yenye upana wa mita sita itakuwa na milimita 1.2, na utajikuta unachora punje za mchanga. Kwa 1:2,500 nyumba hiyo inafikia milimita 2.4, ambazo zinachoreka, ila mji utahitaji sentimita 52 na karatasi ya A1. Chagua hii ya pili kwa ajili ya kazi yako mwenyewe, na usitarajie kwamba ndiyo itakayoingia kitabuni. Ukiipunguza ramani ya sentimita 52 ili itoshe kwenye ukurasa wenye nafasi ya sentimita 11, mstari uliouchora kwa kalamu ya milimita 0.3 utabaki na unene wa milimita 0.06 hivi, na wino wa kiwandani hautauonyesha. Ramani ya msomaji ichorwe upya, ikiwa na mito, kuta, malango, barabara kuu na majina machache.

Sasa nije kwenye kichochoro chako kinachopinda bila sababu. Ukuta ni miongoni mwa vitu vya mwisho kujengwa mjini, nawe umeufanya wa kwanza. Chora kwanza ardhi tupu, yaani mwinuko na mteremko, mto na mahali unapopungua kina hata watu wakavuka kwa miguu. Hapo kwenye kivuko patakuja njia, kwenye njia patakuja soko, na pembeni ya soko zitaota nyumba. Kisha weka juu yake karatasi nyingine inayopitisha mwanga, au fungua tabaka jipya kama unatumia programu ya kompyuta, uchore mji huohuo miaka mia mbili baadaye, ukiwa na ukuta mdogo wa kwanza na njia za mashambani zinazoelekea kwenye malango yake. Katika karatasi ya tatu mji umefurika nje, umejengewa ukuta mpana zaidi, na ule wa zamani umebomolewa mawe yake yakajengewa nyumba. Lakini mahali uliposimama hapapotei. Vienna ilianza kubomoa kuta zake baada ya amri ya mfalme ya mwaka 1857, na hadi leo barabara pana ya Ringstrasse inaizunguka sehemu ya kale pale kuta zilipokuwa. Roma kuna uwanja wa Navona, mrefu na wenye ncha moja ya mviringo, ambao umbo lake limerithiwa kutoka uwanja wa michezo uliojengwa na kaisari Domitian katika karne ya kwanza. Nyumba zilisimamishwa juu ya majukwaa ya watazamaji, na katikati pakabaki wazi. Kichochoro chako kitapinda kushoto kwa sababu zamani kulikuwa na handaki, hata kama hakuna mkazi wa Sumbaro anayelikumbuka.

Fundi Mistari amejibu:

Nakubaliana na Mzee katika hesabu, lakini nadhani ameuhukumu utando wa buibui haraka mno. Ipo miji iliyoanza na duara kabla ya nyumba hata moja. Khalifa al-Mansur aliianzisha Baghdad mwaka 762 kwa mpango wa duara wenye malango manne, kila moja likiitwa kwa mahali lilipoelekea: Kufa, Basra, Khurasan na Sham, huku kasri na msikiti vikiwa katikati kama mnara wako. Venice nayo ilianza kujenga mji wa ngome wa Palmanova mwaka 1593 kwa umbo la nyota yenye ncha tisa, na barabara zake bado zinakutana uwanjani katikati.

Kwa hiyo ukiupenda mchoro wako wa kwanza, mtafute mtawala aliyeuamuru, halafu uonyeshe wakazi walivyomgomea. Baghdad haikutulia ndani ya duara. Masoko yalihamishiwa Karkh nje ya ukuta, mji ukaendelea kukua huko, na leo ule mji wa duara hauonekani tena. Kinachochosha katika ramani nyingi za kubuni ni ule unyoofu ambao haukuguswa na mtu tangu mwasisi alipoinua rula.

Kalamu ya Mwanzi amejibu:

Niruhusuni nizungumzie maji, kwani wenzangu wameyagusa kwa juujuu. Constantinople ilizungukwa na bahari pande tatu na bado maji ya kunywa yalikuwa tatizo lake kubwa: yaliletwa kutoka mbali kwa mifereji, yakapita juu ya matao yaliyokamilika wakati wa kaisari Valens katika karne ya 4, na kuhifadhiwa katika mabirika, likiwemo lile la chini ya ardhi lililojengwa enzi za Justinian, lenye nguzo 336. Mchoraji anayeweka mji wake kando ya bahari na kudhani kwamba kazi ya maji imekwisha hajaulizwa na wakazi wake wanakunywa nini.

Ndiyo maana uchawi wa Sumbaro ni wa ramani kabla ya kuwa wa maandishi. Katika mji wa kawaida, mlima ni wa ngome na hekalu, na watu wengi hukaa chini kwa sababu kupandisha ndoo ni adhabu. Wachawi wako wakiweza kuyapandisha maji, matajiri watahamia juu kwenye upepo, bustani zitawezekana kileleni, na birika la wachawi litakuwa na thamani kuliko hazina ya mfalme. Yachore basi maji hayo yanaposhukia: mfereji upi unatoka kwenye birika, unapita mitaa ipi, na unaishia wapi kabla ya kufika kwa maskini. Watengenezaji wa ngozi na watia rangi nguo uwaweke upande ambao mto unatoka nje ya mji, na uangalie upepo unavuma kutoka wapi, maana harufu yao ndiyo itakayopanga bei za nyumba. Kama kuna mtaa unaokunywa maji ya mto chini yao, umeshapata sura nzima ya riwaya bila kuitafuta.

Usijaze kila pembe, pia. Ukuta hujengwa kwa matumaini, na matumaini hayatimii yote. Roma ilipopungukiwa na watu baada ya enzi za makaisari, sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ndani ya ukuta wa Aurelian iligeuka mashamba ya mizabibu na magofu kwa karne nyingi.

Mwandishi wa Usiku ameandika:

Shikamoo Mzee wa Dira, na asanteni nyote. Nimechora karatasi tatu kama nilivyoelekezwa, na katika ile ya pili nimegundua jambo ambalo sikulipanga: mnara hauwezi kuwa katikati. Watu wa mwanzo walikuwa wavuvi wenye hofu, wasingewaruhusu wachawi kujenga ndani ya ukuta wao wa kwanza, kwa hiyo mnara umekwenda kwenye kilima cha nje, na mji umeufuata karne mbili baadaye kwa sababu ya maji. Nusu siku ya shujaa nimeifuta. Sasa anavuka mji kwa dakika ishirini huku akijua kwamba anayemfuata atamfikia, na sura imekaza.

Limebaki moja. Nimehesabu watu watano kwa kila kaya nikapata kaya 4,000. Je, ni lazima nichore nyumba 4,000?

Mzee wa Dira amejibu:

Marahaba. Hapana, na aliyekutangulia hakufanya hivyo. Giambattista Nolli alipotoa ramani yake kubwa ya Roma mwaka 1748, katika karatasi 12, nyumba za watu hakuzipambanua moja moja. Alizitia kivuli cheusi kama vitalu, akaacha nyeupe mitaa na viwanja, na pia akaacha nyeupe ndani ya makanisa, akichora nguzo zake, kwa kuwa mtu aliweza kuingia humo kama anavyoingia uwanjani. Mashamba yaliyotajwa na Kalamu ya Mwanzi yamo pia, ndani ya ukuta.

Nawe jaza vitalu kwa wino, kisha ufungue yale tu ambayo wahusika wako wanaingia: soko lililoezekwa, ua wa nyumba ya wageni, ngazi za mnara. Chora nyumba moja moja katika mitaa mitatu au minne ambayo hadithi inapita mara kwa mara. Majina yaandike mwisho kabisa, na mengine yasilingane na kilichopo. Ule mtaa unaopinda ulipokuwa ukuta wa kwanza uite Lango la Chumvi, ingawa hapo hakuna tena lango wala chumvi, na umwachie mhusika mmoja mgeni aulize kwa nini.