Mrejesho: Sindano za Kichina na mitishamba kwa maumivu ya hedhi

Niliuliza iwapo tiba ya sindano za Kichina pamoja na mitishamba hutuliza maumivu ya hedhi, nanyi mkanisihi nipime kwanza ultrasound ili kuondoa shaka ya fibroidi, yaani uvimbe usio saratani katika mfuko wa uzazi. Nilipima, na hazikuonekana. Mtaalamu alinichoma sindano nyembamba upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo, mahali Wachina wanapopaita Sanyinjiao, nami nikahisi uzito zaidi kuliko uchungu. Nimepata nafuu, ingawa ibuprofeni, ambayo hupunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoubana mfuko wa uzazi, bado ninaimeza baada ya chakula. Chai ya tangawizi ninaendelea nayo. Mizizi ya danggui, mmea wa dawa za Kichina, niliikataa, kwani muuzaji, kwa maneno yake mengi, hakuweza kunitajia kipimo cha kutumia.